Mtawala wa Kijapani na Ufunguo wa Sheikh Hamdun

Nina diploma. Hili nalitanguliza kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi nililitanguliza, na vijana wa idara yetu ya majengo ya kale walioniomba niandike habari hizi wangeshangaa kama ningeanza kwa jambo jingine. Ni diploma ya ujenzi, ya miaka mitatu, niliyoipata Dar es Salaam hali mama yangu akiuza vitumbua ili nipate daftari. Hakuna mjomba aliyenisaidia wala jamaa mwenye cheo. Nilikuja Oman na sanduku moja la nguo, na diploma ndani ya mfuko wa nailoni, na kwa muda mrefu niliamini kwamba nchi nzima ilikuwa imekaa ikinisubiri mimi.

Naandika kwa Kiswahili. Kiarabu changu cha kuandika kina nyufa nyingi kuliko ukuta wowote nilioukarabati, na Kiingereza nilikimaliza kwenye ripoti. Nanyi wengi wenu mmefunzwa shikamoo na bibi zenu kabla ya kufunzwa neno jingine lolote, kwa hiyo mtanielewa. Vyeo na mishahara naviacha. Mtu akitaka kujua nilipanda vipi, aangalie magoti yangu. Nilipanda kwa ngazi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Nizwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilivaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi. Niliambiwa niende nyuma ya ngome nikamtafute fundi mkuu, nikamkuta mzee mfupi amechutama juu ya lundo la udongo, akiuonja kwa ncha ya ulimi. Huyo ndiye Suwedi, niliyemwita Ami tangu siku hiyo mpaka tulipomzika. Alizaliwa huku huku Sharqiya, akaenda Pemba angali kijana, akafanya uashi huko miaka ishirini, kisha akarudi na Kiswahili cha Pemba ambacho hakikumtoka tena. Nilimwambia kwa Kiarabu nilichokuwa nacho kwamba mimi ndiye msimamizi mpya, na kwamba nina diploma. Akanijibu kwa Kiswahili, bila ya kuinua kichwa: "Basi hapana taabu, yakhe. Vua viatu."

Nikavua. Nikakanyaga udongo na majani makavu kwa wiki sita, pamoja na vibarua ambao walifurahi sana kumwona msimamizi wao amezama hadi magotini. Hapo nikajifunza sarooj, ambayo si saruji ya mfuko. Ni udongo wa shamba la mitende, hufinyangwa mikate mikubwa, hukaushwa, huchomwa juu ya magogo kwa siku kadhaa, kisha hupondwa na kuchanganywa na chokaa. Ijumaa moja Ami Suwedi alipokwenda kuswali mapema, nikaona nimsaidie kwa elimu yangu. Nikapaka kipande cha ukuta kwa saruji ya dukani. Kilikauka vizuri, kikang'aa, nikakipiga picha. Mwaka uliofuata plasta yote ikaanguka kwa mpigo mmoja kama ganda la yai, nayo ikashuka na udongo wa mababu uliokaa pale karne mbili. Ami Suwedi aliniletea ile picha akaniomba nimwekee sahihi.

Jambo jingine alilonifunza ni la kioo, nanyi lishikeni. Ukitaka kujua kama ukuta uliopasuka umetulia au bado unakwenda, gandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa chokaa, pande zote mbili. Ukuta ukitulia, kioo kinabaki. Ukienda hata upana wa unywele, kioo kinakatika. Nimetumia mashine za kila namna baadaye. Hakuna iliyosema kweli kwa haraka hiyo.

Baada ya Nizwa nikahamishiwa Ibra, na kutoka Ibra nikazunguka Sharqiya yote. Palikuwa na mnara wa ulinzi upande wa Al Kamil uliogeuzwa zizi la mbuzi, na palikuwa na msikiti mdogo karibu na Qalhat ambako chumvi ya bahari ililamba chokaa yetu kila mwaka. Ami Suwedi alihamishwa pamoja nami. Idara ilisema ni kwa sababu tunaelewana. Yeye alisema mtu hamwachi mbuzi wake njiani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini akatufikia Bwana Sakuma. Alikuwa Mjapani wa miaka hamsini hivi, mtaalamu wa majengo ya kale, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na Kiingereza cha polepole. Nilipewa kazi ya kumfasiria. Wote tulioshindania kazi hiyo tulikuwa wawili, na mwenzangu aliumwa. Kila nyumba tuliyoingia, swali la kwanza la Bwana Sakuma lilikuwa moja: nani anajua inapovuja? Hakufungua kamera wala hakugusa pima maji mpaka ampate mtu aliyelala humo ndani. Mimi nilimwona ana upungufu kidogo. Nilikuwa na diploma, na sikumbuki kufunzwa kwamba jengo huulizwa kwa bibi wa nyumba.

Kazi iliyonifanya niandike kurasa hizi ilikuwa katika kijiji kimoja nyuma ya Mudhaibi. Palikuwa na ngome ndogo: ua, kisima, ghala, mnara mmoja, na sabla, yaani ukumbi wa wanaume kupokelea wageni. Mwenyewe alikuwa Sheikh Hamdun, mzee aliyepita themanini, mjane, macho yake bado makali. Kwa vizazi vingi wazee wake ndio waliosuluhisha ugomvi wa maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, waliopokea misafara na waliofunga lango magharibi. Siku hizo ugomvi ulikwenda kwa wali, yaani mkuu wa wilaya, na mahakamani, na lango halikuwa na wa kumzuia. Kilichobaki mikononi mwake ni vitu viwili, kahawa na ufunguo. Ufunguo ulikuwa wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto, na aliuweka chini ya mto aliouegemea.

Tulihitaji ufunguo huo na sahihi yake. Kanuni ya idara ilikuwa hatugongi hata msumari kabla ya ukoo kukabidhi jengo kwa maandishi. Na mnara ulikuwa unaondoka. Niligandisha vioo vitatu juu ya ufa wake, na kimoja kilikatika kabla ya wiki kwisha. Mvua kubwa moja ingetosha.

Safari ya kwanza nilikwenda na Ami Suwedi tu. Tulipokewa vizuri, tukala tende, tukaulizana habari zile ndefu za desturi, kisha nikamiminiwa kahawa. Nikaona sasa ndio wakati wa kujitambulisha rasmi. Nilikuwa nimeichukua diploma, ipo ndani ya mkoba, na ili niitoe nilihitaji mikono miwili. Nikaweka kikombe changu chini, kimejaa, sijakigusa.

Sabla yote ikanyamaza. Wazee saba waliokuwa wamekaa ukutani wakanitazama. Sheikh Hamdun akasogea mbele, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Umeweka kikombe, mwanangu. Sema haja yako."

Sikujua. Unguja kwetu mtu akiweka kikombe chini, kahawa ni ya moto. Nilidhani nimevunja adabu, nikaingiwa na kiwewe, nikakinyakua kikombe na kukinywa chote kwa mara moja huku nikisema sina haja yoyote, Shekhe, sina haja kabisa, Alhamdulillahi, nimekuja kusalimia tu. Nikaunguza ulimi. Wazee wakashusha pumzi. Mazungumzo yakaenda kwenye bei ya majani ya ng'ombe, tukaaga.

Ndani ya gari, tulipofika barabara ya lami, Ami Suwedi akanifahamisha. Mgeni akiweka kikombe bila ya kukinywa, maana yake ana ombi, na hatakinywa mpaka akubaliwe. Na mwenyeji wa nasaba ile ni aibu kubwa kwake kukataa mbele ya watu. "Alikuwa tayari kukupa," akasema. "Ufunguo, ngome, hata mimi angekuuzia. Na wewe unamwambia huna haja." Nikamuuliza kwa nini hakunikonyeza. Akasema alidhani ni mbinu ya diploma.

Nikauliza kama naweza kuweka kikombe safari ijayo. Akasema hiyo haja huja mara moja. Ukiirudia inakuwa mtego, na mzee yule si panya.

Safari ya pili tulikwenda watatu, na Bwana Sakuma. Baada ya kahawa akaomba ruhusa ya kusema jambo lisilo la kiserikali, akaniambia nimfasirie kwa Kiarabu. Akasimulia habari za baba wa babu yake. Kwanza nikuelezeni habari hiyo kama alivyoisema yeye, kwa sababu niliyoisema mimi ilikuwa nyingine.

Zamani hizo Japani iligawanywa wilaya mamia, kila moja na mtawala wake wa kurithi, mwenye ngome yake na askari wake, na wote walikuwa chini ya mkuu mmoja wa kijeshi aliyekaa mji wa mashariki. Mfalme alikuwapo, lakini alikuwa wa heshima tu, ndani ya kasri lake. Huyu mzee wa Bwana Sakuma alikuwa miongoni mwa watawala wadogo kabisa. Ngome yake ilikaa juu ya kilima, chini yake mto na mashamba ya mpunga, na askari wake wengi asubuhi walikuwa wakulima. Alirithi cheo akiwa na miaka kumi na tisa, kaka yake alipokufa kwa homa. Alikuwa na meno mabovu, na farasi walimjua kwamba anawaogopa.

Zikaja meli za moshi za wageni, watu wa kusini na magharibi wakainuka kwa jina la mfalme, nchi ikapasuka. Wakubwa wa pande mbili wakamwandikia barua kijana huyu, kila mmoja akimwita aje na askari wake. Akawajibu wote wawili kwamba yu mgonjwa, na ili isiwe uwongo akalala. Alilala wiki baada ya wiki, akiletewa uji. Jeshi la mfalme lilipofika ukingoni mwa mto, wazee wa baraza lake wakagombana mbele ya godoro lake, nusu wakitaka vita, nusu wakitaka amani. Ndipo alipoinuka, akaoga, akatuma watu wawili wavuke mto na magunia ya mpunga, waseme lango li wazi. Hakufa mtu hata mmoja.

Halafu serikali mpya ikaamuru watawala wote warejeshe ardhi na watu kwa mfalme, na miaka michache mbele ikazifuta wilaya zenyewe na kuwataka wahamie mji mkuu. Siku zake za mwisho ngomeni mtawala huyu alizitumia kufagia. Alifagia yeye, na mkewe, na watumishi wachache waliobaki, chumba baada ya chumba. Kisha akakaa akaandika orodha ya kasoro zote za ngome, ili anayekuja asipate taabu, akaiacha juu ya mkeka pamoja na funguo. Wazee wetu wanasema mchama ago hanyele, huenda akauya papo, yaani ahamaye asiichafue kambi, huenda akarejea. Huyu alijua hatauya, na bado alifagia. Ngome ikabomolewa, mbao zake zikawa kuni. Yeye akapanga nyumba mji mkuu, akafuga sungura, akafa mzee.

Sasa nitazameni mimi. Nimekaa mbele ya wanaume saba wa Sharqiya, wawili wao na jambia viunoni, na mbele ya mzee ambaye babu zake walipigania ukuta ule kwa bunduki za kushindilia. Bwana Sakuma anasema: akalala. Nikaona haiwezekani. Nikaona nikifasiri hivyo mgeni wetu ataaibika, na mimi niliyemleta nitaaibika zaidi. Basi nikamwinua yule kijana kitandani. Nikampandisha farasi. Bwana Sakuma aliposema magunia ya mpunga, mimi nilisema panga. Aliposema lango li wazi, mimi nikamsimamisha darajani peke yake mbele ya jeshi zima, akipigana mpaka jua likakaribia kuchwa. Kufagia nikakuacha. Sungura nikawachinja wote. Nikammaliza yule bwana pale pale darajani, mbele ya lango la ngome yake, majeraha kifuani, ufunguo mkononi, vidole vyake havikufunguka hata alipooshwa.

Bwana Sakuma aliinama akaniuliza kama Kiarabu kinahitaji maneno mengi. Nikamwambia ni lugha tajiri.

Wazee walikuwa wakitikisa vichwa. Mmoja alisema Lahaula. Sheikh Hamdun akaingiza mkono chini ya mto, akautoa ufunguo, na mimi nikaanza kutafuta kalamu. Akautia kwenye mkanda wake, nyuma ya jambia, akaufunga kwa kitambaa. "Huyo ni mwanamume," akasema. "Kafiri, lakini mwanamume. Mwambie mgeni nimemfahamu. Na mimi ndivyo hivyo hivyo."

Tukapewa halua, tukaondoka. Bwana Sakuma aliniuliza njia nzima amekosea wapi. Alitumaini habari ile ingempoza mzee moyo, sasa mbona amefunga ufunguo kiunoni? Nikamwambia watu wa huku ni wagumu. Ami Suwedi, ambaye Kiingereza hakijui, alikuwa kiti cha nyuma akinitazama kwenye kioo cha gari.

Wiki mbili baadaye akaja ofisini kwangu Ibra, hakukaa. Alikuwa ametoka kijijini kuangalia vioo. Cha pili kimekatika. Cha tatu hakukiona vizuri kwa sababu mlango wa mnara umefungwa kwa ndani. Sheikh Hamdun amehamisha godoro lake, birika lake na msahafu wake, anakaa chumba cha mnara. Ameuambia ukoo wake hatoki humo ila kwa jeneza, na mtu asimsumbue, kuna aliyemtangulia darajani.

Nikamwambia Ami Suwedi yote: kitanda, mpunga, ufagio, sungura. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanicheka, na ningefurahi. Akasema tu, "Mnara ule una mtu ndani yake, Bwana Diploma. Wewe ndiye uliyemwingiza."

Kisha nikaenda kwa Bwana Sakuma. Naye nilimwambia yote, nimesimama kama mwanafunzi. Akafikiri. Akaniuliza nilimwua vipi. Nikamwambia darajani, juu ya farasi. "Juu ya farasi," akarudia, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka mpaka akavua miwani. Akasema mzee wake angeshukuru sana, hakuna aliyewahi kumpandisha. Halafu akavaa kofia, akachukua bahasha kwenye mtoto wa meza, akasema twende sasa hivi.

Tulifika baada ya alasiri. Ilibidi mpwa wa Sheikh Hamdun apande nusu ya ngazi amwite, na mzee akateremka kwa heshima ya wageni, polepole, mkono ukutani. Wazee wakakusanyika. Kahawa ikaja. Safari hii nilikinywa kikombe changu, nikakitikisa kuonyesha imetosha, nikakirejesha, nikasema.

"Shekhe, yule mtu hakufa."

"Nani?"

"Yule Mjapani wa darajani."

"Amefufuka?" akauliza mzee mmoja, na wengine wakacheka kidogo, wakidhani natania.

Nikawaambia hakukuwa na daraja. Nikawaambia nimeongopa, kwamba mgeni alisema kweli na ulimi wangu ndio uliopotosha. Kisha nikaisema habari upya, mara hii neno kwa neno, fupi kama ilivyo. Hakuna kazi ngumu niliyopata kuifanya, na nimewahi kuning'inia kwa kamba juu ya kisima. Nilipofika pa kujilaza, mmoja alinong'ona. Nilipofika kwenye sungura, mzee wa jambia alisema, "Alikuwa analisha sungura?" Nikasema ndiyo. "Na tulimsomea fatiha," akasema. Hapo wakacheka kwelikweli, na haikuwa kwa wema. Mmoja akaniuliza serikali inatoa wapi wakalimani kama mimi, ili kijiji kijihadhari. Nilistahili.

Sheikh Hamdun hakucheka. Alikuwa ameushika ufunguo kiunoni kwa mkono wa kushoto, akinitazama. Aliponyanyua kidole wakanyamaza.

"Kwa nini ulimwonea haya?"

Nilikuwa nimeandaa jibu kuhusu heshima ya mgeni. Likatoka jingine, ambalo sikuwahi kumwambia mtu, wala mke wangu. Nikasema baba yangu, Unguja, siku walipokuja watu kuitaka nyumba yetu, alikuwa kitandani, na hakuwa mgonjwa. Aliinuka, akawapa ufunguo kwa mkono wa kulia. Kisha akawaonyesha bomba la uani, ambalo halitoi maji mpaka uligonge kwa chini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilisimama mlangoni nikamwona akiwagongea bomba, nikamwonea haya, na haya hiyo sikuwahi kuiweka chini.

Sheikh Hamdun akauliza, "Na maji yalitoka?"

"Yalitoka, Shekhe."

"Basi," akasema.

Akamgeukia Bwana Sakuma akataka kujua huyo mfuga sungura aliandika nini hasa. Bwana Sakuma akatoa ndani ya bahasha karatasi, nakala ya ile orodha, akawa anasoma mstari mmoja mmoja na mimi nafasiri, nikiogopa hata kuongeza koma. Lango la mashariki hukwama wakati wa mvua. Linyanyueni kidogo kabla ya kusukuma. Ngazi ya tatu ya ghala imeoza, ruka. Chini ya dirisha la kusini maji huingia, tumekuwa tukiweka bakuli, nalo tumeliacha. Mzee aliposikia bakuli, uso wake ukabadilika. Akamwambia mpwa wake, "Kama sisi na ghala."

Akainuka. Akaniambia nichukue kalamu.

Vijana, nimehudhuria semina nyingi. Elimu niliyoipata katika saa mbili zile, nikimfuata mzee wa miaka themanini na kitu na fomu yangu ya ukaguzi juu ya ubao, sijaipata mahali pengine. Alijua mlizamu upi unarudisha maji ndani upepo ukiwa wa kaskazi. Alijua boriti ipi ya sabla ina mchwa, kwa sababu usiku wa kiangazi aliwasikia. Alijua mahali ambapo baba yake aliziba shimo la risasi kwa udongo na tende, na kwa nini nyuki hupenda hapo. Sisi na vyombo vyetu tulikuwa tumeorodhesha kasoro kumi na moja. Nilipofika ukurasa wa nne niliacha kuhesabu. Bwana Sakuma alikuja nyuma yetu, kofia mkononi.

Tulipofika chumba cha mnara, godoro lilikuwa limetandikwa chini ya ufa wenyewe. Niliweza kuingiza kiganja. Kioo cha tatu kilikuwa vipande viwili sakafuni, amevisogeza kando asivikanyage. Nikaandika: chumba cha mnara. Nikamuuliza kasoro yake, ingawa ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Sheikh Hamdun akasema, "Mama yangu alifia hapa." Fomu ya idara ina safu ya mahali, safu ya kasoro na safu ya matengenezo. Haikuwa na safu ya jambo hilo. Nililiandika kwenye matengenezo, na liko huko mpaka leo, na ofisi kuu haikuuliza kamwe. Kisha akakunja godoro mwenyewe, nikalibeba mimi.

Mnara tuliushusha mpaka kiunoni tukaupandisha tena, kwa sarooj, chini ya macho ya Ami Suwedi, ambaye aliniruhusu kuchanganya mwenyewe mara mbili. Mvua kubwa ilikuja mwaka uliofuata ikaukuta umesimama. Sheikh Hamdun aliendelea kumimina kahawa katika sabla kila Ijumaa hadi alipofariki, na wageni wa idara walipewa kikombe kama wageni wengine. Mkipita Mudhaibi, ingieni mkaone. Kibao kilichopo mlangoni kina jina la idara. Mimi nilipendekeza na langu, na la diploma kwa herufi ndogo, nikakataliwa.

Lakini nataka niishie pale mlangoni, jioni ile. Mzee alitia sahihi juu ya mgongo wa mpwa wake, akanirudishia karatasi. Nilinyoosha mkono kuupokea ufunguo, na nilikuwa nimeandaa maneno mawili matatu ya kiserikali. Hakunipa. Alifungua kile kitambaa kiunoni, akautia ufunguo kwenye kufuli la lango, akasema kuna kasoro moja bado, niandike: kufuli hili hugeuzwa kushoto, na wageni wote hugeuza kulia. Nikaandika. Akasema kuandika hakutoshi. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya ufunguo, akauweka wake juu ya wangu, mkavu na mzito kuliko nilivyodhani. Tukageuza pamoja, kushoto, mpaka chuma kikalia ndani ya mlango. Kisha akaondoa mkono wake.